Mama Kayal Hafunguliwi

Watu wa kijiji cha wavuvi cha Vellankuppam waliacha kumwita Anjalai Mama Kayal bila kukubaliana wala kuambiana. Ilikuwa huruma tu. Mwanamke angemkuta bombani, angeanza "Mama Ka..." halafu angemeza iliyobaki na kusema "dada." Anjalai aliwavumilia mwaka wa kwanza wa msiba, maana siku hizo hata kuitika salamu kulimchosha. Mvua za mwaka wa pili zilipokwisha, aligoma. Ungemwita dada, ungemwita Anjalai, angeendelea kuparua magamba ya samaki kana kwamba ni upepo uliopita.

"Mama Kayal," jirani yake Poongodi alijaribu siku moja, kwa sauti ndogo kama mtu anayetamka tusi mbele ya wakubwa.

"Abee," Anjalai akaitika. "Umeona? Hukufa."

"Nilidhani utalia."

"Nitalia, sitalia, hayo yangu. Wewe niite."

Alikuwa amezaliwa kijiji cha upande wa kusini, binti wa tano, na wazazi wake walimpa jina wanalopewa mabinti wa tano bila kujisumbua kutafuta jingine. Alipoolewa na Nagamuthu, mvuvi wa Vellankuppam, alihamia na beseni la alumini la mama yake na mdomo ambao haukuwa wa mtu mwingine. Asubuhi mashua zikifika, wanawake husimama ufukweni kushindania bei ya samaki na dalali, na Anjalai alikuwa na sifa ya kumkazia dalali macho mpaka yule bwana akasahau bei aliyotaka kutaja. Akishanunua, alijitwika beseni akatembea vijiji vya wakulima wa mpunga, sauti yake ikimtangulia kwenye matuta.

Alizaa wawili, Kayal na mdogo wake wa kiume, Ilango. Ilango alipozaliwa, Anjalai alifungwa kizazi kwenye hospitali ya serikali, kama karibu kila mwanamke wa pwani ile. Nagamuthu alikuwa baharini siku hiyo. Mama mkwe alikuwa msibani kwa ndugu zake. Anjalai hakuuliza mtu. Alifungwa, akapumzika, akarudi kwa basi na mtoto mikononi. Baadaye alikuwa akisema kwamba huo ndio uamuzi wake wa kwanza maishani ambao hakuna mtu aliyeuonja kabla yake.

Wimbi lilikuja Jumapili, siku moja baada ya Krismasi. Watoto hawakuwa na shule, walikuwa mchangani na mpira. Lilikuja, likarudi, na lilipokwisha kurudi kijiji kilikuwa kimefutwa. Anjalai alikutwa kwenye vichaka vya miiba nyuma ya hekalu, kifua kimejaa maji meusi ya tope. Kayal alipatikana kesho yake, akazikwa na wengine katika shimo moja. Ilango hakupatikana. Dada yake Nagamuthu naye alikwenda, akamwacha binti mmoja, Tamilarasi.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Tope lilimtoka Anjalai kifuani kwa vidonge vya madaktari wa mahema ya misaada, lakini pumzi zake za zamani hazikurudi. Alikohoa akipanda ngazi, alikohoa akicheka. Watu wa bara walikataa kula samaki miezi mingi, wakiamini samaki wamekula maiti, na wachuuzi wakakaa vibarazani mikono mitupu. Wanaume walipewa mashua mpya wakaogopa kuzipanda. Nagamuthu alikuwa akiingia majini mpaka magotini, anasimama kidogo, anageuka, anakwenda kwenye pombe. Hakuwahi kumpiga mkewe. Aliacha tu kusema, kama redio iliyoingia maji.

Halafu wakaja wa kufungua.

Serikali ilitangaza kwamba mama aliyefiwa na watoto, naye alikwisha kufungwa kizazi, atapasuliwa bure na kuunganishwa mirija ili azae tena. Sista Arokiya, muuguzi wa zahanati, alipita kwenye nyumba mpya za saruji walizojengewa baada ya wimbi, zinazofanana kama meno, akieleza mlango kwa mlango. Wengi walikwenda, na wengine walikwenda mbio. Poongodi alikwenda. Mimba ya kwanza baada ya kufunguliwa ilikwama kwenye mrija ukapasuka, akapelekwa mjini ndani ya lori la barafu la samaki, amekuwa mweupe kama ule mzigo. Akapona. Mwaka uliofuata, kwa mrija uliosalia, akapata mtoto wa kiume, akampa jina la mwanawe aliyechukuliwa na wimbi. Wengi walifanya hivyo. Ukisimama saa ya jioni uwanjani na kusikiliza akina mama wakiita, ungedhani hakuna aliyepotea.

Yule mtoto wa Poongodi aliyepotea alikuwa na kovu gotini, alilotiwa na ndoana. Poongodi akimwogesha huyu wa sasa, kila mara aliinua goti lake na kulitazama.

"Najua ni ujinga," alimwambia Anjalai.

Anjalai alimcheka Poongodi kwa mambo mengi, kwa upikaji wake hasa, lakini kwa hilo hakumcheka.

Sista Arokiya alipofika kwa Anjalai alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu, akapewa chai. Alikuwa mwanamke mwema, mnene, mwenye miguu inayouma.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Nauliza walio hai, dada yangu."

"Umeuliza wangapi, nimekujibu."

Sista akanywa chai. "Umri bado unaruhusu. Wenzako wanabeba mimba. Unaogopa kisu?"

"Kisu nakishika tangu sijaota meno. Sista, mimi sikuvunja vyombo mpaka niletewe vingine. Nimefiwa."

"Mtoto huleta nuru nyumbani."

"Kweli. Na huyo atakayekuja ataletwa afanye kazi ya kuwa Ilango. Kila akila tutamwangalia kama anakula kama Ilango. Mtoto wa watu amekosa nini?"

Sista akamaliza chai yake, akavaa viatu, akaaga.

Aliyeshindwa kuliachia hapo ni Muniyammal, mama mkwe, wa nyumba ya pili. Wimbi lilikuwa limemchukulia binti na wajukuu wawili kwa asubuhi moja, na tangu hapo alikuwa hawezi kukaa ndani ya nyumba iliyo kimya. Aligongagonga vyungu, alisema na kuku, alisema na picha ya marehemu mumewe. Siku moja, Anjalai akitia ukwaju kwenye mchuzi, akaanza.

"Mke wa mwenyekiti Singaravelu amefunguliwa. Umri wake wote ule."

"Hongera kwake."

"Poongodi amepata dume."

"Mama, chumvi iko upande wako."

"Nakuuliza, mwanamke wewe. Tumbo hilo unamwekea nani?"

"Nauwekea wali."

"Mdomo huo. Wimbi lilichukua kila kitu hapa kasoro huo mdomo."

"Lilijaribu, mama. Nililiuma."

Muniyammal akageuza uso kusudi asionekane anatabasamu, na tabasamu lile likamuudhi zaidi. Wiki hiyo akatoa neno lake la mwisho. Anjalai aende hospitali afunguliwe, au Nagamuthu amwoe Tamilarasi.

Hakuna aliyeshtuka kijijini. Huko mjomba ana haki ya kwanza kwa binti wa dada yake, na baada ya wimbi wasichana wengi waliobaki bila mama walikuwa wameozwa haraka, kwa wanaume waliobaki bila wake. Tamilarasi alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha mtihani. Sheria ya serikali ilikataza yote mawili, mke wa pili na bibi harusi wa umri ule, lakini serikali ilikuwa mjini na baraza la wavuvi lilikuwa hapa.

Msichana alikuja mwenyewe, na sare ya shule, akasimama mlangoni akichezea ncha ya msuko wake.

"Shangazi, ni kweli hutaki kufunguliwa?"

"Ni kweli."

"Basi mimi naolewa na mjomba."

Ilisemwa bila lawama, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Anjalai akaacha kisu.

"Wewe unataka?"

"Nani ananiuliza?"

"Nimekuuliza mimi sasa hivi."

"Sitaki. Mjomba alikuwa ananibeba mabegani." Kisha akaongeza, "Lakini nikikataa, bibi atasema sina adabu, na kwa bibi ndiko ninakolala."

Alipoondoka, Anjalai alikaa na samaki wake mpaka nzi wakajaa. Mpaka siku hiyo, kukataa kwake kulikuwa kwake peke yake, na alikubeba anavyotaka. Sasa waliufunga mwili wake kwenye shingo ya mtoto wa watu. Akivuta huku, yule ananyongwa. Alikwenda zahanati kwa miguu, akipumzika njiani kila kifua kilipombana, akamkuta Sista Arokiya anaosha chupa.

"Nikifunguliwa, itakuwaje?"

Sista alimsikiliza anavyohema. Akamwinua, akaweka kipimo chake mgongoni, akasikiliza tena.

"Kwa kifua hiki, hata dawa ya usingizi ina hatari," akasema. "Na nimepata njia. Namwomba daktari aandike kwamba kifua chako hakiruhusu upasuaji. Baraza haliwezi kubishana na daktari. Mama mkwe wako atakuonea huruma, na wewe utakuwa umepona."

Ilikuwa zawadi, na Anjalai aliiona kuwa ni zawadi. Akaiweka mapajani kwa muda.

"Na Tamilarasi?"

Sista akarudia kuosha chupa zake.

"Watamwoza kwa huruma badala ya kumwoza kwa hasira," Anjalai akajibu mwenyewe. "Na kifua changu kikipona, je? Nitaombea nisipone? Hapana, Sista. Sitaki kusemewa na mapafu. Nikikataa, nataka ijulikane ni mimi."

"Wewe ni mkaidi, dada yangu."

"Ndiyo dawa pekee iliyonisaidia."

Baraza lilikaa mbele ya hekalu siku ambayo mashua hazitoki, wanaume wamekaa mchangani kwa safu, wanawake wamesimama nyuma kabisa. Mwanamke hasemi pale. Akiwa na shauri husemewa na mume au kaka. Ila kwenye jambo la mke wa pili kulikuwa na desturi moja ambayo ilimhitaji mwanamke mwenyewe: mke wa kwanza huja mbele na sinia la majani ya tambuu na popoo za kutafuna, akalikabidhi kwa wazee wa bibi harusi kwa mikono yake. Bila mikono hiyo posa haifungwi. Wanaume waliipenda desturi hiyo, waliona inawaheshimu wanawake.

Singaravelu, mwenyekiti wa baraza, alikuwa mtu wa sauti ya polepole na shati lililopigwa pasi. Alieleza huzuni ya nyumba ya Nagamuthu. Alieleza subira ya Muniyammal. Akasema mke amepewa nafasi ya kutibiwa, ameikataa, na hakuna anayemlazimisha.

"Anjalai aje na tambuu."

Akaja. Alikuwa amevaa sari yake ya sokoni, ile yenye harufu, na sinia aliloandaliwa na baraza alilishika sawasawa. Muniyammal alikuwa mbele kwa ajili ya yule msichana, maana ndiye mkubwa wake aliyebaki, mikono amekwisha kuinyoosha. Anjalai akafika mbele yake, akachuchumaa, akaweka sinia mchangani.

Akachagua jani. Akalifuta kwenye paja, mbele na nyuma. Akapaka chokaa kwa kidole, akatia popoo, akakunja vizuri kama mtu aliye kwenye kibaraza chake mchana hana haraka, akatia mdomoni. Akatafuna.

Mwanzo hakuna aliyeelewa. Kisha mnong'ono ukaanza nyuma, kwa wanawake.

"Unafanya nini?" Singaravelu akauliza.

Anjalai akanyanyua kidole, kwamba mdomo umejaa. Akatafuna mpaka mate yakawa mekundu, akageuka pembeni, akatema mchangani, akafuta midomo.

"Nakula tambuu, mwenyekiti. Ni tamu. Mmeileta nyororo."

"Hiyo ni ya posa."

"Ya posa ni ile ninayoitoa kwa mkono wangu. Hii sikuitoa." Akachukua jani la pili. "Kuna mengi hapa, lakini leo sina pa kwenda."

"Mwanamke hasemi hapa," mzee mmoja akakoroma.

"Basi nitafuneni na mimi," akasema, na nyuma mtu akacheka akazibwa mdomo. Hapo kikohozi kikamshika, kikamkunja mpaka viganja vikagusa mchanga, na watu wakangoja, kwa maana hakuna desturi ya kumkatiza mtu anayekohoa. Kilipomwachia alisimama. Macho yalikuwa yamemtoka machozi ya kikohozi, na aliyaacha hapo yalipo.

"Mimi nimezaa wawili. Kizazi nilikifunga mwenyewe na kitabaki kilivyo. Si kwa sababu ya kifua, asije mtu akanipa pole ya kifua. Sitaki. Na mtoto huyu hataozwa kwa ajili ya tumbo langu. Ana mama yake aliyemzaa, yuko kwenye shimo lile lile na mwanangu, na hakumzaa aje azibe pengo nyumbani kwangu."

Kisha akafanya jambo ambalo mke wa pwani ile halifanyi, hata akiwa na hasira. Mke hataji jina la mumewe.

"Nagamuthu," akaita. "Ulimbeba mabegani. Utamlaza wapi?"

Uwanja ukawa baridi. Nagamuthu alikuwa amekaa mwisho wa safu, kichwa kimeinama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kama mtu aliyesahau namna yake, kwa kukwama kwama, mpaka naye akapata kikohozi.

"Una nini wewe?" Singaravelu akamwuliza.

"Amekula tambuu ya posa," Nagamuthu akasema. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. "Mwenyekiti, mimi nitaoa kwa tambuu gani? Andikeni hapana."

Posa ikavunjika. Lakini baraza lililotemewa mate mekundu mbele ya hekalu halikuweza kurudi nyumbani hivi hivi. Likatoa adhabu: mpaka Anjalai atakapolala kifudifudi mbele ya wazee na kuomba radhi, asiuziwe samaki ufukweni, asisemeshwe, asisaidiwe na mtu yeyote wa Vellankuppam. Mwenyekiti akatuma mjumbe kumwambia kwamba neno moja tu la radhi linatosha, hata kulala chini si lazima.

"Mwambie neno hilo ninalo," Anjalai akamjibu mjumbe. "Ila sijui nimeliweka wapi. Nikilipata nitamletea."

Akawa anaamka mapema na kwenda bandari ya kusini, kwao, anakonunua samaki kwa watu wasiomjua Singaravelu. Njia ya kurudi bara ilipita katikati ya Vellankuppam. Alipita na beseni kichwani, akiwatangaza nguru na kamba kwa sauti ile ile, na wanawake wakatazama chini, wengine kwa woga na wengine wakificha vicheko. Tamilarasi alihamia kwa Anjalai, akawa anasoma kwenye chumba cha mbele. Hakuitwa mtoto wa nyumba ile. Aliitwa Tamilarasi, na picha ya mama yake ikapewa msumari wake ukutani.

Tatizo lilikuwa beseni. Mchuuzi hawezi kujitwika beseni lililojaa peke yake. Anahitaji mikono mingine miwili, ndiyo maana wanawake wa biashara ile hutembea wawili wawili. Pale kijijini alilazimika kupumzika kwa ajili ya kifua, na akilitua, nani atamtwika? Alijifunza kulitua juu ya ukuta mpya wa mawe uliojengwa kuzuia bahari, kisha kuchuchumaa chini yake na kuliburuta kichwani polepole. Siku nyingine liliteleza na samaki wakamwagika, akawaokota mmoja mmoja, akawaosha, akaanza upya. Vijana walitazama. Wazee walitazama. Poongodi, na mtoto kiunoni, alipiga hatua moja, akarudi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na beseni lilikuwa limejaa kambare wa baharini, wazito. Anjalai alikuwa amelitua ukutani na kukohoa mpaka akaushika ukuta. Alipojaribu kuingia chini ya beseni, halikusogea. Akajaribu tena. Akakaa kitako, akifikiri awagawe mafungu mawili, atembee njia mara mbili.

Kivuli kikamwangukia. Alikuwa Muniyammal, miguu mitupu, amekunja uso kama ngumi. Alitazama upande wa hekalu, ambako Singaravelu na wenzake walikuwa wamekaa wakimwona wazi.

"Inuka," akasema.

"Mama, wanakuona."

"Nina macho. Inuka, samaki wanaoza."

Anjalai akainuka. Mwanamke mzee akashika upande mmoja wa beseni, mkwe akashika mwingine, na kwa mguno mmoja wakalipandisha.

"Usidhani nimekusamehe," Muniyammal akasema, akimweka sawa kata ya nguo iliyo chini ya beseni. "Nilitaka mjukuu."

"Najua, mama."

"Na bado nataka."

"Hilo pia najua."

"Basi nenda. Na ukirudi, uniachie wawili wa mchuzi, wakubwa, usiniletee vile vichwa unavyowauzia wakulima."

Anjalai akashika njia ya mashamba. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akipandisha sauti, akiwauliza wazee wa baraza wanatazama nini, hawajawahi kuona samaki.